Gari Linalokosa Masi

Sange, tarehe 5 Februari 2023

Kwa shemeji yangu Euphrasie, Mama Carine,

Tumsifu Yesu Kristu. Natumaini karatasi hii inakukuta mzima, wewe pamoja na mtoto wetu mdogo Destin. Sisi huku Sange tunapumua kwa neema ya Mungu. Joto la bonde linatuchoma, mpunga umeiva vizuri upande wa mto, na mama yetu Apolline analalamika magoti, ila mdomo wake hauna ugonjwa wowote. Carine hajambo. Anasoma vizuri, amenenepa, anakusalimia.

Najua utashangaa kuletewa barua katika zama hizi za simu. Nimekupigia mara nyingi, hukupokea. Siku ya kuondoa matanga ya kaka ulisema mbele ya watu wote, "Placide, masikio yako haitasikia tena sauti yangu," na naona umeshika neno lako. Sawa. Kuandika hukuapa. Barua hii nimempa Chrispin, yule dereva wa minibasi ya Uvira na Bukavu, na yeye ndiye atakayeniletea jibu.

Jambo lenyewe ni gari letu. Tangu Desemba limeanza tabia mbaya. Linawaka bila shida. Likisimama, injini inanguruma kwa utulivu, na likishakimbia halina neno. Lakini nikikanyaga mafuta ili kuondoka, au ili kulipita lori, linasita. Linakaa kwanza kama mtu aliyeulizwa swali gumu, halafu linaruka na kunipiga kichwa kwenye kiti. Juzi nilikuwa nalipita lori la mchele, jingine likawa linakuja mbele yangu, na gari likakaa. Abiria walipiga kelele mpaka sauti zikawakauka. Mama mmoja alishuka hapohapo akaendelea na safari kwa miguu.

Mafundi wa hapa wamezoea karburata. Hii injection ya zamani, inayojipimia mafuta kwa umeme, inawachanganya. Fundi Jacques wa Uvira ameniambia ninunue injini nzima. Wewe ulikaa garajini na marehemu kaka yangu, ulikuwa unamwekea klé ya kufungulia skurubu mkononi kabla hajaiomba. Unaujua ugonjwa wa gari hili kuliko sisi. Tusaidie, shemeji. Undugu ni kufaana, si kufanana.

Ndugu yako katika Kristu,
Placide


Bukavu, tarehe 26 Februari 2023

Placide,

Milele, amina. Hapo nimemjibu Yesu, si wewe.

Destin hajambo. Meno mawili ya mbele yameng'oka, akisema "Sange" anapiga mluzi. Mvua imeshusha udongo wa mlima mpaka nyuma ya jiko langu, tumeuzoa kwa sahani. Maharagwe niliyopanda Nyantende yameoza nusu. Hizo ndizo habari zetu, nazo hukuziuliza.

"Gari letu." Nimelisoma neno hilo, nikaweka barua chini, nikaisoma tena. Mlipokuja kulichukua, udongo wa kaburi la Fabien ulikuwa haujakauka, na mlisema ni gari la ukoo. Carine naye mkamweka kiti cha nyuma, mkasema mtoto ni wa ukoo. Destin mliniachia kwa sababu alikuwa na surua, hamkutaka mtoto mgonjwa. Sasa gari limeugua, limekuwa letu.

Nisikilize vizuri. Gari hilo halikuwa na ugonjwa huo lilipotoka hapa. Mpaka wiki aliyoingia hospitali, Fabien alikuwa akiligusa tu kwa kidole cha mguu, linaitika. Kwa hiyo kilichoharibika kimeharibikia mikononi mwenu.

Alikuwa akisema, "Gari haidanganyake. Muntu njo anadanganyaka." Ndiyo maana hakuanza na kununua vitu, alianza na kuuliza, kama daktari. Basi nami nakuuliza. Linasita likiwa baridi tu, au hata likiwa moto? Ukikanyaga polepole linakubali? Ukiwasha taa za mbele linazidi, au ni vilevile? Na hao mafundi wako wamekwisha kubadilisha nini?

Swali langu la mwisho, kwangu mimi ndilo la kwanza: kwa nini Carine haandiki? Ana miaka kumi na minne, anasoma vizuri kama unavyosema, na anashindwa mistari miwili kwa mama yake? Nitumie mistari miwili ya mkono wake, nami nitakupa dawa. Bila hiyo, endelea kupigwa kichwa na kiti.

Euphrasie


Sange, siku ya Pasaka, tarehe 9 Aprili 2023

Shemeji mpendwa,

Kristu amefufuka. Usinihesabie ubaya kwa kuchelewa. Mto ulikata barabara, na Chrispin alikaa upande wa pili akiuza viti vya minibasi yake kama vitanda. Tumekula Pasaka kwa mbuzi mdogo. Mama Apolline amekula, akalala, akaamka akala tena. Tunamshukuru Mungu kwa uhai wake.

Barua yako nilijisomea mwenyewe, na ilinichoma, lakini nimesamehe. Tangu hapo nimepata ajali: mama aliikalia miwani yangu. Kuandika naandika kwa mazoea, herufi kubwakubwa kama unavyoona, lakini mwandiko wako wa mchwa siwezi tena kuusoma. Usijali, kuna wa kunisomea.

Sasa majibu. Linasita likiwa baridi na likiwa moto pia. Nikikanyaga polepole sana linakubali, nikikanyaga ghafla linakaa. Na kuhusu taa, umejuaje? Nikiwasha taa linazidi, hata nikipiga honi! Tumebadilisha buji zote zinazowasha moto wa injini, tumebadilisha filta ya mafuta ya esansi, tumemwaga tangi zima tukidhani kuna maji, tumeweka pampu nyingine. Jacques ameiosha papiyo, kile kibao kinachofunguka hewa ikiingia. Amekipima hata kile kidude kinachousoma mguu kwenye pedali, akasema ni kizima. Nimemwaga jasho mpaka sina tena.

Carine anakusalimia sana. Alitaka kuandika, ila ana mitihani, na tena kalamu yake iliisha wino. Mama anasema mtoto amezoea huku, asivurugwe akili. Shemeji, wewe pia unaijua desturi: mtoto ni wa baba yake, na baba yake ni sisi.

Nasubiri dawa.

Placide


Bukavu, tarehe 30 Aprili 2023

Placide,

Destin amepona kikohozi. Mvua bado. Basi, salamu zimeisha.

Kalamu iliisha wino! Na yule msichana anayeuza esansi ya chupa kando ya barabara ya Sange, saa ambazo wenzake wako darasani, yeye kalamu ya nini? Chrispin amemwona. Alisimama akanunua chupa moja kwake ili amtazame vizuri. Mmemfanya kadhafi wa kuuza mafuta njiani. Mtoto wa Fabien, aliyekuwa wa pili darasani kwake, ana mikono inayonuka esansi na kitambaa kichwani cha kuzuia jua. Njia ya mwongo ni fupi, yako imeishia kwenye chupa.

Chrispin aliniambia na neno lingine: unapokwenda Uvira kuchukua mafuta, Carine unampakia, anakaa nyuma katikati ya bidoni za mafuta.

Nikuambie ukweli. Baada ya barua yako ya Pasaka niliujua ugonjwa wa gari palepale, ulipotaja taa. Niliamua kunyamaza. Nilitaka gari hilo likufie siku ya soko, mbele ya watu wote wanaokuita patroni, na wewe ulisukume ukiwa umevaa koti la Fabien, maana hata koti mlibeba. Nilikuwa nikipika nalifikiria hilo, na chakula kilikuwa kitamu.

Lakini mtoto wangu yumo ndani ya gari hilo pamoja na bidoni za esansi. Siku utakapolipita lori na gari likakaa, wewe utakufa, jambo ambalo naweza kulivumilia, na yeye ataungua. Kwa hiyo dawa yako hii hapa, umenishinda, furahi.

Gari linakosa masi. Si ule waya mnene wa betri, huo kila mtu anauona. Ni waya mdogo mweusi nyuma ya injini, umefungwa kwa skurubu moja pale hewa inapoingilia. Umeme ukitoka kwenye betri unataka njia ya kurudi, na waya huo ndio njia. Kilichotoka lazima kirudi kilikotoka. Njia ikiwa chafu, kile kidude kinachousoma mguu kinaanza kudanganya: umekanyaga sana, kinasema umekanyaga kidogo, basi injini inapewa esansi kidogo na inakosa pumzi. Ukiwasha taa, umeme wa taa unaigombania njia hiyohiyo, na uongo unazidi. Fungua skurubu kwa klé ya dix, ile ya kumi, piga msasa mpaka chuma king'ae, funga. Ni kazi ya muda wa kuchemsha chai.

Carine asipande tena gari hilo kabla hujaifanya. Umesikia? Lipe gari masi.

Euphrasie


Sange, tarehe 21 Mei 2023

Shemeji yangu mwenye moyo mwema,

Sijui nianzie wapi. Barua yako imetutoa machozi nyumba nzima.

Tangu miwani ivunjike, Carine ndiye anayetusomea, mbele ya mama. Jumapili baada ya misa tulikaa uani, akasoma kwa sauti nzuri, bila kukwama hata mahali pamoja. Salamu zako kwa mama zilikuwa ndefu mpaka nikashangaa. Ulivyomtakia heri kwa magoti yake, ulivyokumbuka ule ugali wake wa siku ya harusi yako! Mama alisema, "Kumbe huyu mwanamuke iko na roho."

Halafu tukafika penyewe. Nimeyashika maneno yako kichwani, kwa sababu mama alimwambia Carine ayarudie mara tatu. "Gari linakosa misa. Si ile misa ya mazishi, hiyo kila mtu aliiona. Ni misa ya mwaka, kule Bukavu, katika parokia aliyobatiziwa, watoto wake wote wawili wakiwa kiti cha mbele na gari lake likiwa limesimama mlangoni. Kilichotoka lazima kirudi kilikotoka."

Shemeji, nilifanya ishara ya msalaba. Mimi nilikuwa nahangaika na buji, kumbe ni kaka! Kila nilipokanyaga, yeye alikuwa anashika mguu wangu. Mama alipiga magoti licha ya maumivu yake, akasema, "Fabien iko na njaa ya misa. Tulimuzika mbio mbio juu ya mvua." Ni kweli, siku ile padri alifupisha. Nami usiku huo sikupata usingizi, nikikumbuka namna tulivyoondoka kwako na vitu. Sisemi tulikosea. Nasema labda tuliharakisha.

Mama ameamua. Tarehe 5 Agosti, siku aliyofariki, tutakuja wote. Zungumza na padri. Wewe unazijua njia za mlimani huko na za mbinguni pia, naona.

Placide


Bukavu, tarehe 4 Juni 2023

Shemeji Placide,

Nilipoisoma barua yako nilikaa chini. Halafu nikacheka mpaka Destin akaja kuuliza kama nimeugua. Nikamwambia hapana, baba yako amefanya muujiza.

Carine, mwanangu, najua ni wewe unayesoma. Hapa nyamaza, jifanye unakohoa, soma kwa macho tu. Niliomba mistari miwili, umeniletea misa nzima. Kama miwani ya baba mdogo imekwisha kupona, tumekwisha sisi, lakini nimeamua kukuamini. Nisikilize. Mlima wa Ngomo, njiani kuja huku, usiupande ndani ya gari linalosita. Ukingo wake unaujua. Niliandika waya uko wapi na klé ni ipi, na wewe ndiwe uliyekuwa ukimshikia baba yako tochi. Ukipata nafasi, fanya. Ukishindwa, jifanye mgonjwa wa tumbo siku ya safari, nami nitakuja mwenyewe hata kwa miguu. Nakulilia kila siku. Sasa kohoa tena, endelea kwa sauti.

Shemeji, yote uliyoyasikia yapokee kama yalivyosomwa. Kuna maneno ndani ya barua yangu ya Aprili ambayo hata mimi niliyeiandika sikuwa nimeyaona. Msomaji wako ana kipaji, usimchoshe na chupa za esansi, mtunze sauti.

Nimeonana na padri. Misa itakuwa saa nne asubuhi. Watoto wawili, kiti cha mbele, kama marehemu alivyotaka. Mama Apolline nimemwandalia mto wa kupigia magoti, asije akasema nimemsahau.

Euphrasie


Sange, tarehe 23 Julai 2023

Shemeji mpendwa,

Vumbi la kiangazi limetujaa mpaka kwenye sufuria, lakini roho ni nyeupe. Carine alitusomea barua yako fupi. Alikuwa na kikohozi, maskini, ikabidi anywe maji katikati. Mama amefurahi sana kwa huo mto.

Nakuandikia kwa sababu ya ushuhuda. Gari limepona! Tangu juma lile mama alipoitamka tarehe ya misa mbele ya majirani, halijasita hata mara moja. Nakanyaga, linakwenda. Nawasha taa, linakwenda. Jana nililipita lori la mchele huku nikiimba. Jacques alifungua boneti, akatazama, akafunga, akavua kofia. Nimewaambia watu wote wa stendi kwamba kaka yangu ni mwema hata huko aliko.

Tutafika tarehe 5, mama mbele, Carine nyuma. Baada ya misa tutakunywa chai na kurudi siku hiyohiyo. Usimpikie Carine chakula cha kumfanya alegee. Mama amesema wazi kwamba hatalala kwako.

Miwani yangu mipya inatoka Uvira mwezi ujao.

Placide


Sange, tarehe 27 Agosti 2023

Euphrasie,

Sina salamu.

Ulinifanyia jambo ambalo sitalisahau. Nilimleta mtoto kanisani kwa nia safi. Yeye akakaa katikati yako na Destin, na misa ilipokwisha hakuinuka. Mama alipomwita, akakushika mkono, na wewe ukamshika wa kwake, mbele ya padri, mbele ya wanakwaya, mbele ya altare. Ulitaka tumvute? Ulijua hatutaweza kumvuta mtoto wa marehemu ndani ya misa ya marehemu. Mama hakuutumia hata ule mto. Tulishuka Ngomo watu wawili.

Sasa miwani imekuja. Nilizichukua barua zako chini ya godoro la mama na kuzisoma zote, moja baada ya nyingine, na ile ya Juni pia, na kikohozi chake. Masi! M, A, S, I. Stendi nzima inajua kwamba nimelipia misa ya waya.

Lakini na wewe usijisifu. Nilikwenda kuufungua waya wako huo mdogo mweusi, skurubu moja, klé ya dix. Chuma ni safi, kinang'aa, hakijawahi kuwa na kutu. Kwa hiyo hata dawa yako ilikuwa uongo, na gari lilipona lenyewe. Wewe na mume wako mlikuwa mkiwaibia watu kwa ufundi wa mdomo.

Masomo yanaanza. Mama hana mtu wa kumtekea maji. Tarehe 10 Septemba nakuja kumchukua Carine pamoja na wazee wa ukoo, na safari hii hakuna padri. Gari ni zima. Ngomo si kitu kwangu.

Placide Bisimwa


Bukavu, tarehe 3 Septemba 2023

Placide,

Destin ameota meno, sasa anaweza kulitaja jina la mji wako bila mluzi, lakini hana haja nalo. Carine ameandikwa shule. Alifika amekonda, ile kunenepa yako sijui ilibaki wapi, na mikono yake nimeisugua kwa limau na majivu ndipo harufu ya esansi ikatoka. Magoti ya mama mkwe nayaombea, kama Carine alivyowasomea.

Nilikuwa nimejiandaa kukucheka kwa kurasa nne. Misa ya waya! Tangu Agosti nimekuwa nikiamka asubuhi nafurahi kabla sijakumbuka ni kwa nini nafurahi. Mlinizika pamoja na Fabien, Placide. Mlibeba gari, koti, mtoto, na mkaniachia surua. Nilikuombea aibu kama watu wengine wanavyoomba mvua, na ilipokunyeshea sikukuonea huruma hata kidogo, wala sikuonei leo.

Lakini umemtukana Fabien kwamba alikuwa mwongo wa ufundi, na hilo siwezi kuliacha. Nilimwuliza Carine. Nilimwambia: huo waya wewe uliusafisha mwezi wa Juni, baada ya barua yangu? Akasema ndiyo, baba mdogo alikuwa amelala baada ya kula, aliufungua na kuusafisha, ndiyo maana mlipanda Ngomo salama. Nikamwuliza tena: ulikuwa na kutu nyingi? Akasema, "Haikukuwa kutu, mama. Ilikuwa bougie ya koko."

Sikuelewa. Nikadhani anasema buji ya injini. Alikuwa anasema mshumaa. Mshumaa wa novena wa koko wake, mama Apolline.

Mwezi wa Desemba, Placide, mlimwambia aoshe gari. Alichukua klé ya baba yake iliyokuwa bado chini ya kiti, akaufungua waya, akadondosha nta ya mshumaa kati ya waya na chuma, akakaza skurubu vizuri ili fundi akiuvuta aukute umekaza. Ndivyo Jacques wako alivyoupita. Nilimwuliza ni nani aliyemfundisha. Akasema baba yake alimwonyesha siku moja namna masi mbovu inavyomzungusha fundi mjinga. Nilimwuliza kwa nini. Akaniambia hivi, naandika kama alivyosema: "Kama gari inagonjwa, baba mdogo atakuandikia. Ni wewe peke njo unaijua. Na kama anakuandikia, ni mimi njo nitasoma." Miwani nayo hakuikalia mama yako, uliza vizuri.

Nilimfokea. Nilimwambia kulikuwa na abiria ndani ya gari hilo, akina mama wa watu, na yeye mwenyewe katikati ya bidoni, na lori linakuja. Nilimshika mabega nikamtikisa. Akasema, "Nilikuwa naogopa kila siku." Hakulia. Mimi ndiye niliyelia. Nilikuwa nimejiona mkali, Placide, mimi na kiapo changu na barua zangu. Mtoto wa nyoka ni nyoka, lakini huyu amempita mama yake.

Barua yako ya kwamba unakuja tarehe 10 alinisomea yeye, kwa sauti, jioni hii, na safari hii alisoma kila neno kama lilivyo. Wazee, ukoo, maji ya mama, gari zima, Ngomo si kitu. Alipomaliza aliikunja, akanirudishia, akasema, "Muandikie aje. Lakini nikirudi kule, sitaanza tena na masi."

Nilimwuliza ataanza na nini. Aliendelea kuchambua maharagwe.

Euphrasie